Risasi Waliyoisifu Wahakiki

Magazeti yalifika Jumanne, yamefungwa kwa kamba ya katani, na Verna Tollefson aliyabeba kutoka kwenye sanduku la barua lililokuwa barabara kuu mpaka nyumbani, karibu maili nzima, ameyakumbatia kama mtu aliyebeba kuni. Yalitoka California, kwa kaka yake Lyle. Katikati yake mlikuwa na kikaratasi chenye maneno machache: "Wameipenda. Amua mwenyewe kama utamsomea Baba."

Salamu hakuandika. Lyle hakuwa mtu wa salamu tangu alipoondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na saba, na katika miaka ishirini na mitatu aliyokaa huko alirudi Montana mara moja tu, siku walipomzika mama yao. Siku hiyo alikaa saa sita, akala kipande cha mkate wa viazi akiwa amesimama, akaondoka na treni ya jioni. Kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za sinema. Nyingi zilikuwa za bastola na vumbi, watu wakazitazama Jumamosi na kuzisahau Jumapili. Hii ya sasa ilikuwa nyingine kabisa. Iliitwa Bonde Lisilo na Mwangwi, na ndani yake hakuna benki iliyoibiwa wala jambazi aliyewindwa milimani. Palikuwa na mfugaji mmoja, Amos Kell, na mwanawe wa pekee, na namna baba yule alivyomvunja mtoto polepole, neno moja leo, kimya cha wiki nzima kesho, mpaka mtoto akawa hawezi kushika kikombe bila mikono kutetemeka.

Verna alijua Amos Kell ni nani. Bonde lote la Kettle Fork lilijua.

Baba yao, mzee Orrin Tollefson, alikuwa ameketi karibu na jiko, miguu ndani ya soksi mbili mbili, ingawa ilikuwa Septemba na theluji ilikuwa bado iko juu vileleni tu. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki akiona mwanga na vivuli tu. Daktari wa mji wa Butte alitaka kumpasua, mzee akakataa. Alisema bonde hili amelitazama vya kutosha, sasa anaweza kulikariri. Kila siku baada ya chakula cha mchana Verna alimsomea gazeti: hali ya hewa, habari za mnada wa ng'ombe, na waliofariki.

"Hilo si gazeti letu," mzee akasema. "Linalia tofauti. Ni la Lyle?"

Verna akakiri kwamba ni ya Lyle, yako sita.

"Basi soma."

Akaanza na la New York, kwa sababu ndilo lililokuwa juu. Mhakiki wake aliitwa Whitcomb Dace, na ilionekana kwamba alikuwa mtu wa kuogopwa, maana Lyle alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya jina lake. Sentensi ya kwanza ilisema: Amos Kell si baba, ni barafu iliyovishwa kofia. Verna aliiona, akasoma, "Amos Kell ni baba aliyevaa kofia."

Mzee akangoja. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mtu analipwa New York kuandika kwamba baba amevaa kofia?"

Verna akacheka bila kutaka. Akaendelea hivyo hivyo, akiruka neno hapa, akibandika lake pale, kama mwanamke anayetengeneza shati lililoliwa na nondo. "Ukatili" ukawa "ukali". "Moyo uliokufa" ukawa "moyo mzito". Akafika aya ya nne. Aya ya nne ilikuwa ya farasi.

Dace alikuwa ameandika kwamba katika miaka yake yote ya kukaa gizani akitazama sinema hajapata kusikia mlio wa kutisha kama ule wa risasi moja inayomuua farasi wa mtoto. Farasi haonekani. Baba haonekani. Kamera inabaki kwenye uso wa mvulana aliyesimama mlangoni, sekunde arobaini nzima, na ndani ya uso ule, alisema Dace, tunaona utoto ukifariki. Baba amemuua farasi kwa sababu mvulana alimpenda. Hakuna sababu nyingine, na kwa watu wa namna hii hakuna sababu nyingine inayohitajika.

Verna akakunja gazeti. "Hapa pana tangazo la sabuni," akasema.

Mzee akasema bila hasira, "Umefika kwenye farasi. Clem Rudd ameshaniambia. Shemeji yake ameiona Butte."

Farasi mwenyewe, yule wa kweli, aliitwa Juniper. Alikuwa mwekundu mwenye singa nyeusi na tabia ya kuchezea mifuko ya watu akitafuta tufaha. Lyle alimlea tangu akiwa mwana wa siku mbili asiye na mama. Masika ya mwaka 1931, Lyle akiwa na miaka kumi na minne, Juniper alipigwa risasi asubuhi moja kabla ya kifungua kinywa. Lyle alisikia mlio, akatoka mbio na soksi, akamkuta baba yake anarudi kutoka upande wa barabara, bunduki mkononi. Akauliza kwa nini. Baba yake akasema, "Hakuwa na kazi tena," akampita akaingia zizini. Kabla ya saa sita mchana mzoga ulikuwa umeshakokotwa na kufukiwa, na mvulana alikatazwa kusogea.

Hayo ndiyo aliyoyajua Lyle, na ndiyo aliyoyaandika.

Ambacho Lyle hakujua ni kwamba jioni ya kuamkia siku ile, dada yake wa miaka minane alipita lango la malisho akifuata paka, akasahau kulifunga. Juniper akatoka. Kwenye njia ya kuingilia ranchi palikuwa na vyuma vilivyotandazwa juu ya shimo, vya kuzuia ng'ombe wasivuke, na farasi alikanyaga katikati ya vyuma vile gizani. Mguu ulivunjika mara mbili. Alfajiri baba yao alimkuta amelala hapo, bado anajaribu kunyanyuka. Alifanya lililopasa kufanywa. Kisha akaenda kumtafuta Verna, akamkuta amejificha nyuma ya magunia ya shayiri, kwa kuwa naye alikuwa ameona lango. Akachuchumaa mbele yake. Verna alikumbuka mpaka leo harufu ya baruti kwenye mkono wa koti lake. Akamwambia, "Hili ni langu. Wewe hukuwa hapa. Usimwambie mtu yeyote, hata mama yako."

Naye hakumwambia mtu. Mwanzoni kwa hofu, baadaye kwa sababu alikuwa ameahidi, na baada ya hapo ikawa mazoea. Jambo likikaa sana moyoni huota mizizi, na kuling'oa ni kung'oa na nyama.

Oktoba sinema ikaletwa Kettle Fork, na mzee akasema anataka kupelekwa.

Verna alijaribu kila njia. Alisema barabara ni mbaya, alisema hataona kitu, alisema watu watamtumbulia macho. Baba yake akamjibu kwamba wakimtumbulia macho yeye hatawaona, kwa hiyo hasara ni yao. Jumamosi alinyoa ndevu mwenyewe kwa kupapasa, akavaa koti la mazishi, wakapanda pikapu.

Jumba la sinema la mji lilikuwa na viti mia mbili, na mchana ule vilijaa hata watu wakasimama nyuma. Watu walipomwona mzee akiingia ameshika bega la binti yake, maneno yalikatika safu kwa safu. Wakampisha kiti cha pembeni. Mtu akavua kofia, kama kanisani.

Taa zikazimwa. Verna alidhani ataweza kukaa tu. Lakini hazikupita dakika kumi, mzee akamwinamia. "Naona kijivu kinatembea. Nini hicho?"

"Ng'ombe, Baba. Wanashuka mlimani."

"Wangapi?"

"Kama thelathini."

"Kwa sauti hiyo wangekuwa mia mbili," akanong'ona. "Wanadanganya."

Ikawa hivyo. Verna akawa macho yake. Alimweleza nyumba ilivyo, alimweleza mwigizaji: mrefu, mwembamba, taya kama shoka. Alimweleza meza ya chakula ambapo Amos Kell anamwita mwanawe "binti yangu mdogo" mbele ya wachunga ng'ombe, nao wanacheka, na mvulana anatazama sahani. Alipoeleza hilo aliusikia mkono wa baba yake ukikaza kwenye bega lake, kwa kuwa hilo halikutungwa. Lilitokea kwenye meza yao wenyewe, na sahani ilikuwa na maharage.

Kisha asubuhi ile ikafika. Muziki ulikoma. Kwenye pazia la sinema mvulana alifungua mlango, akasimama.

"Mbona kimya?" mzee akauliza.

"Mvulana yuko mlangoni."

"Anafanya nini?"

"Anatazama nje."

"Anaona nini?"

Watu mia mbili walikuwa wameshika pumzi. Risasi ikalia, kubwa kuliko risasi yoyote ya kweli, na mzee Orrin, aliyepiga bunduki maisha yake yote, akashtuka kitini kama mtoto. Verna akaendelea kuutazama uso wa mvulana kwa zile sekunde arobaini, sekunde moja baada ya nyingine. Mhakiki wa New York hakukosea. Ilikuwa kama kutazama kitu kikizimika. Nyuma mwanamke mmoja alianza kulia.

"Farasi yuko wapi?" baba yake akanong'ona. "Wanaonyesha mguu wake?"

"Hapana, Baba. Hawamwonyeshi kabisa."

"Hawamwonyeshi," mzee akarudia, akaegemea nyuma, wala hakuuliza tena kitu mpaka taa zilipowashwa.

Walipotoka walipita mkahawani, kwa sababu kila walipokuja mjini walipita, na kutopita kungekuwa kukiri kitu. Clem Rudd alikuwepo mbele ya kipande chake cha pai ya tufaha. Huyu alikuwa jirani yao wa miaka arobaini, mtu asiyejua kunyamaza, na kwake kunyamaza kulikuwa kutukana. "Haya, Orrin," akasema, "sasa umekuwa mtu mkubwa. Nisainie kofia yangu nikaiuze Butte."

Mkahawa mzima ulitega sikio. Mzee akapapasa kiti, akaketi. "Yule mwigizaji hajui kupanda farasi," akasema. "Verna ameniambia alivyokaa. Kama gunia la viazi lililofungwa vibaya."

"Hilo kweli. Na wewe hukuwa na taya ile hata ulipokuwa kijana."

"Nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa unatazama mke wangu tu."

Watu wakacheka, kicheko cha kushukuru, kahawa ikaletwa. Lakini mikono ya mzee ilikuwa chini ya meza, na Verna peke yake ndiye aliyeiona.

Katika pikapu, wakiwa nusu ya safari, Verna akasema atamwandikia Lyle. Atamwambia habari ya lango.

"Acha."

"Baba, dunia nzima inasema wewe ni mnyama."

"Dunia nzima hainijui. Clem ananijua, na bado ananiudhi vile vile. Kijana amepata kazi nzuri kutokana na yule farasi. Ukimnyang'anya sasa, utampa nini badala yake?"

Verna akasema atampa ukweli.

"Ukweli mwingine upo humo humo ndani ya sinema. Ile ya mezani ni kweli. Ya kumtoa shule wakati wa kuzaa ng'ombe ni kweli. Mwaka mzima sikumsemesha isipokuwa kazini, hiyo nayo ni kweli, ila wao wameifanya dakika tatu." Akageuza uso kwenye dirisha ambalo hakuona kitu nje yake. "Asubuhi ile aliniuliza kwa nini. Maneno yalikuwepo. Ningeweza kusema mguu umevunjika, nikanyamazia lango. Sikufikiri. Nilikuwa nimetoka kumpiga risasi farasi wa mwanangu, na sikutaka anione uso."

Verna aliandika barua usiku ule ule hata hivyo. Ilikuwa kurasa mbili. Aliipeleka mwenyewe posta Jumatatu ili asipate nafasi ya kubadili nia.

Siku ya nane simu ikalia. Ilikuwa simu iliyotumia laini moja na majirani wanne, na Verna alisikia mikono ya simu ikinyanyuliwa taratibu huko na huko majumbani mwao kabla hata hajasema haloo. Lyle hakujali. Alimuuliza kama ni kweli. Akajibu ni kweli.

"Miaka ishirini na sita, Verna."

"Nilikuwa na miaka minane."

"Ulikuwa na minane mwaka ule. Baadaye ukawa na ishirini. Ukawa na thelathini. Ulisimama na mimi kwenye kaburi la Mama, ukanishika mkono, ukanyamaza." Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Unajua nimeandika nini juu ya risasi ile? Siyo sinema tu. Nimejiandika mimi mwenyewe. Kila mtu niliyemkimbia, nilimkimbia kwa sababu ya asubuhi ile."

Verna akasema anajua. Akaomba msamaha, na msamaha ukasikika mdogo sana kwenye waya.

"Januari wananipa tuzo New York," Lyle akasema. "Dace ndiye atakayesoma sifa. Nisimame pale niseme nini?"

Hakungoja jibu. Alipokata, mmoja wa majirani akavuta pua kwenye laini, kisha naye akaweka simu chini polepole.

Alikuja mwishoni mwa Novemba, bila taarifa, na teksi kutoka kituo cha treni. Alikuwa amenenepa, nywele zimepungua, amevaa viatu visivyofaa theluji. Alimpa Verna mkono, kama mtu ampavyo karani. Kisha akaingia jikoni alikokuwa baba yao, akasimama hapo, mlango wa nje ukiwa wazi nyuma yake.

"Mlango," mzee akasema. "Baridi inaingia."

Siku mbili walikaa hivyo. Lyle alipasua kuni vibaya, mzee akasikiliza mlio wa shoka akamwambia anashika mpini mbali mno. Lyle alikwenda na pikapu kuwamwagia ng'ombe majani makavu, akarudi na malengelenge. Walizungumza juu ya bomba la jiko, juu ya majirani waliokufa, juu ya aina za treni. Verna alipika, akaandaa, akatoa vyombo, na kila mara kaka yake alipotaka chumvi alinyoosha mkono mwenyewe asimwombe.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Verna alikuwa akiosha vyombo alipomsikia Lyle akivuta kiti karibu na jiko.

"Verna ameniandikia kuhusu lango, Baba."

Maji yakaendelea kutiririka. Verna hakuyafunga, alijua wakijua anasikia hawatasema.

"Nilimkataza," mzee akasema.

"Aliliacha wazi."

"Lango lilikuwa langu. Mtoto wa miaka minane hafungi lango la malisho. Mwenye ranchi ndiye huenda kulitazama kabla ya kulala. Usiku ule sikwenda. Nilikuwa nimechoka."

Lyle aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya zamani. "Aliumia sana?"

"Mpaka nilipofika, ndiyo. Baada ya hapo hapana. Nilimshika kichwa kwanza. Aliutafuta mfuko wangu." Kiti cha mzee kikalia. "Sikuwa na tufaha."

Verna aliegemea sinki. Nyuma yake kaka yake alikuwa akilia, kilio kigumu cha mtu asiyezoea, kama injini inayokataa kuwaka. Mzee hakumwendea. Hakujua njia ya kumwendea, na wala macho hayakuwepo ya kumwongoza. Aliuweka tu mkono wake juu ya goti la mwanawe, akauacha hapo kama kitu alichosahau.

"Kwa nini hukuniambia?" Lyle akauliza.

"Ungemchukia dada yako."

"Ningemchukia wiki moja, Baba. Labda mbili."

Mzee alilifikiria hilo. Lilimchukua muda, na Verna alipogeuka alimwona anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonyeshwa hesabu rahisi iliyomshinda maisha yote.

"Sikujua kwamba ni wiki," akasema. "Mimi nikimchukia mtu, namchukia miaka. Nilidhani nawe uko hivyo."

Lyle aliondoka kesho yake. Alimkumbatia baba yake kizingitini, mzee akasimama ndani ya kumbatio lile mikono ikining'inia, kisha mkono mmoja ukanyanyuka. Verna alimpeleka kituoni. Walipofika, treni ikiwa imeshaonekana, Verna akasema, "Kaka, niambie nifanye nini."

"Sijui," akajibu. Hakusema kwa ukali. "Ningekuwa najua ningekuambia. Nikikutazama naiona miaka, Verna. Nipe muda." Akapanda.

Januari alipokea tuzo. Verna alisoma gazetini kwamba mtunzi alisimama jukwaani akawaambia wageni kwamba farasi wa kweli alivunjika mguu, na kwamba baba yake alimuua kwa huruma, na kwamba yeye amejua hayo baada ya sinema kumalizika. Ukumbi ulipiga makofi. Wiki iliyofuata Whitcomb Dace aliandika makala ndefu kuliko ile ya kwanza. Alisema habari hii inaiongezea sinema kina, kwa kuwa sasa tunaona jinsi ukatili wa kweli ulivyokaa katika kunyamaza. Amos Kell, aliandika, amekuwa wa kutisha zaidi.

Verna alimsomea baba yake makala ile yote, neno kwa neno, bila kuruka. Aliona hana haki tena ya kuruka.

"Bwana huyu," mzee akasema alipomaliza, "ana mke?"

"Sijui, Baba."

"Watoto?"

"Hawaandiki hayo."

Akaomba kahawa.

Alifariki tarehe tisa Machi, asubuhi, akiwa kitandani, moyo tu. Treni zilikwama njiani siku nne kwa dhoruba ya theluji. Lyle alifika baba yake akiwa ameshazikwa, akasimama kaburini na viatu vile vile. Clem Rudd alimshika mkono akamwambia baba yake alikuwa mtu mgumu lakini hakumwacha jirani na ng'ombe mgonjwa hata siku moja. Lyle akamshukuru. Akalala usiku mmoja katika chumba chake cha zamani, na asubuhi Verna alikuta kitanda kimetandikwa na yeye ameshashuka barabarani kungoja gari.

Gazeti la Kettle Fork liliandika kwamba amefariki Orrin Tollefson, mfugaji, mzaliwa wa bonde hili, ameacha mtoto wa kiume na wa kike. Gazeti kubwa la Butte liliandika mistari minne, na wa kwanza ulisema amefariki mtu aliyekuwa chanzo cha baba katili katika sinema mashuhuri. Shirika la habari likaichukua, ikaenea nchi nzima.

Verna akakaa mezani akamwandikia Whitcomb Dace. Hakumtukana. Alimweleza baba yake alivyochuchumaa nyuma ya magunia ya shayiri, na alivyokunywa kahawa, na kwamba alikuwa ameuliza kama yeye Dace ana watoto. Alimwomba tu, akipata nafasi, aandike mstari mmoja.

Jibu lilifika Mei, limepigwa chapa kwenye karatasi nzuri, la adabu. Bwana Dace alimpa pole. Alisema barua yake imemgusa. Lakini yeye, alisema, aliandika juu ya Amos Kell, mtu wa sinema, na juu ya Bwana Tollefson hakuandika kamwe hata neno moja, kwa kuwa hakupata bahati ya kumfahamu. Chini, kwa kalamu, aliongeza kwamba ana binti wawili.

Verna aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaiweka ndani ya Biblia ya mama yake. Nje ng'ombe walikuwa wakizaa, na mmoja alikuwa na shida tangu alfajiri. Akavaa magambuti akatoka.

Lyle alianza kupiga simu mwaka uliofuata, Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana. Aliuliza kama theluji imeyeyuka, na majani yamekuaje, na kama Clem bado yu hai. Verna alimjibu. Dakika sita, saba. Mara moja tu, katikati ya habari za mvua, alikatiza akauliza yule paka ambaye Verna alimfuata jioni ya lango alikuwa wa rangi gani.

"Mweupe," Verna akasema. "Masikio meusi."

"Simkumbuki kabisa," Lyle akasema, na baada ya kitambo akauliza habari za mvua tena.